Tarehe Iliyoandikwa Ubavuni mwa Kichupa

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, ami yangu aliniuliza barazani kwake hapa Chake Chake suali ambalo sikuweza kulijibu kwa maneno machache. Alikuwa amesikia redioni kwamba wanasayansi wamekadiria mwaka ambao kirusi cha UKIMWI kilianza kuenea miongoni mwa watu, na kwamba mwaka huo unaangukia mwanzoni mwa karne ya ishirini, miongo mingi kabla ya ugonjwa wenyewe kupewa jina. "Mwanangu," aliniambia, "mtu hawezi kusema mtoto kazaliwa lini ikiwa yeye hakuwapo, mkunga hakuwapo, wala hakuna aliyeandika. Shahidi wao ni nani?" Nilimjibu kwamba shahidi ni kirusi chenyewe. Akanitazama kwa muda kama anayesubiri maneno mengine, na adhana ya Magharibi ikatukuta hatujamaliza. Ninaandika hapa yale niliyotaka kumweleza, kwa sababu kazi yangu ni ya maabara na jambo hili nimelibeba moyoni tangu mwaka 2010.

Jenomu ya kirusi ni maandishi: mfuatano mrefu wa herufi nne tu, zinazojirudia kwa mpangilio ambao ndio unaokifanya kirusi kuwa hiki na si kile. Kirusi cha surua kina herufi karibu 15,900, na cha UVIKO-19 kina karibu 30,000. Kirusi kinapoingia ndani ya seli ya mtu hunakiliwa mara nyingi mno, na katika kunakiliwa huko herufi moja hapa na nyingine pale hukosewa. Wale miongoni mwetu waliowahi kushika nakala za tenzi zilizoandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, watalifahamu jambo hili bila ya taabu. Mnakili wa kwanza akisahau nukta moja na neno likabadilika, kila atakayenakili kutoka kwake atalichukua kosa lile lile na kuongeza makosa yake mwenyewe; na mtu atakayezikusanya nakala hizo baada ya miaka mia ataweza kusema zipi zimetoka katika mkono mmoja, ipi ni mama na ipi ni binti, ingawa hakumwona mnakili hata mmoja. Virusi navyo hupangwa katika nasaba kwa njia hiyo hiyo, kwa kufuata makosa wanayorithishana.

Mpaka hapo tuna nasaba tu, hatujapata miaka. Wazo la kuyageuza makosa kuwa saa lilitolewa na wanasayansi Émile Zuckerkandl na Linus Pauling mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipokuwa wakilinganisha protini ya damu ya viumbe mbalimbali na kuona kwamba tofauti zake huongezeka kwa kadiri ya muda uliopita tangu viumbe hao waachane. Kwa wanyama saa hiyo huhesabu mamilioni ya miaka. Kwa virusi vingi vya RNA, yaani vile ambavyo jenomu yao imeandikwa kwa kemikali iitwayo RNA na ambavyo hunakiliwa bila ya msahihishaji, saa huenda kasi kiasi kwamba tofauti huonekana ndani ya miezi. Virusi vya korona vina msahihishaji wa namna yake na hivyo huenda polepole zaidi, lakini hata kirusi cha UVIKO-19, katika mwaka wake wa mwanzo, kilipata kiasi cha mabadiliko mawili kwa mwezi katika kila ukoo. Basi ukichukua sampuli za wagonjwa wawili siku moja na ukakuta jenomu zao zinatofautiana kwa herufi 12, unaweza kukisia kwamba kila upande umebadilika mara sita, na kwamba koo zao mbili zilikutana kwa mzazi mmoja miezi mitatu hivi iliyopita. Hesabu halisi hufanywa na kompyuta, hulinganisha mamia ya jenomu kwa pamoja na kujaribu nasaba nyingi zinazowezekana, lakini roho yake ni hiyo.

Sasa, kasi hiyo ya mabadiliko mawili kwa mwezi imejulikanaje? Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo watu wengi wanaposoma haraka na kupita. Kasi haimo ndani ya jenomu. Jenomu moja, hata ikiwa imesomwa bila ya kosa, haikwambii imeandikwa lini. Kasi hupatikana kwa kukusanya sampuli zilizochukuliwa nyakati mbalimbali, kila moja ikiwa na tarehe yake, kisha kuzipanga kwenye karatasi: tarehe ya kuchukuliwa upande mmoja, na idadi ya mabadiliko tangu shina la nasaba upande mwingine. Ikiwa sampuli za karibuni zina mabadiliko mengi zaidi kuliko za zamani, nukta zitapanda kwa mstari. Mwinuko wa mstari ndio kasi. Ukiurefusha mstari huo kwa nyuma mpaka pale mabadiliko yanapokuwa sifuri, utaisoma tarehe ya mzazi wa pamoja wa sampuli zako zote. Kadiri sampuli zilivyotawanyika kwa miaka mingi zaidi, ndivyo mstari unavyosimama imara. Zikiwa zote za wiki moja, mstari hauna pa kushika. Kila kitu kimeegemea zile tarehe.

Ndiyo maana nasema nimelibeba tangu 2010. Mwezi wa Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja na haukurejea mpaka Machi mwaka uliofuata. Wakati huo nilikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo katika maabara moja mjini, na kazi yangu ilikuwa ni kuosha vyombo, kujaza madaftari na kupanga vichupa ndani ya friza. Ndani yake mlikuwa na maji ya damu ya wagonjwa wa homa, yaliyokusanywa kwa miaka kadhaa na watu waliokuwa wamekwisha kuondoka. Jenereta lilitusaidia siku za mwanzo, kisha mafuta yakawa ya kugawana, na friza likawa la mwisho katika kugawiwa. Siku tuliyolifungua tulikuta barafu imekuwa maji, karatasi za vichupa zimebanduka, na wino umetiririka hata hausomeki. RNA ni kitu kinachooza upesi kinapoyeyuka, kwa hiyo sehemu kubwa ya sampuli zilikuwa zimekwisha. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba hata zile ambazo huenda zingesalimika hatukuweza kuzitaja ni za mwaka gani, kwa sababu daftari nalo lilikuwa na namba bila ya tarehe. Aliyekuwa na dhamana ya daftari alituambia tuvitupe vyote. Tulivitupa. Wakati ule nilihuzunika kwa ajili ya kazi iliyopotea tu. Baadaye, nilipojifunza habari za hii saa, nilifahamu kwamba tulitupa miaka.

Linganisha na yaliyotokea Kinshasa. Katika mji huo, ulipokuwa bado unaitwa Léopoldville, mwaka 1959 ilichukuliwa damu ya mtu mmoja, na mwaka 1960 kikakatwa kipande cha tezi ya mwanamke mmoja, kikahifadhiwa kwa dawa na kufungwa ndani ya nta kama ilivyo desturi ya maabara za kuchunguza nyama za mwili. Hakuna aliyekuwa akitafuta UKIMWI, kwani hakuna aliyeujua. Kile kipande cha nta hakikuhitaji friza. Kilikaa kwa karibu nusu karne na tarehe yake, na mwaka 2008 mwanasayansi Michael Worobey na wenzake wakachapisha vipande vya jenomu ya kirusi walivyovitoa ndani yake. Walipovilinganisha na vile vya 1959 walikuta tofauti ya karibu asilimia 12. Kwa sampuli mbili za mji mmoja zilizopishana kwa mwaka mmoja, tofauti hiyo ni kubwa mno. Maana yake ni kwamba kufikia 1960 kirusi kilikuwa kimekwisha kuzunguka na kutawanyika katika watu kwa miongo mingi. Ukadirio wao ukaiweka asili ya kundi kuu la kirusi hicho karibu na mwaka 1908, ndani ya upana wa tangu 1884 mpaka 1924. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2014 ukaonesha kwamba Kinshasa ndiko kilikoanzia kuenea, karibu na mwaka 1920.

Upana huo wa miaka arubaini ni sehemu ya jibu, na anayeuacha ameacha nusu ya habari. Redio ilimpa ami yangu mwaka mmoja, na ndiyo maana ikamwia vigumu kuamini. Angepewa upana wake pamoja na sababu ya upana huo, nadhani angekubali mapema, kwa kuwa yeye mwenyewe akiulizwa umri wa bibi yetu husema alizaliwa baina ya tukio fulani na fulani, na hakuna anayemwambia amebuni. Tena upana huo ulitosha kuondosha shaka moja nzito. Kulikuwa na madai kwamba kirusi kiliingizwa kwa watu na chanjo ya polio iliyojaribiwa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata ukiuchukua mwisho kabisa wa upana, mwaka 1924, kirusi kimetangulia chanjo hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Surua inatufunza jambo jengine. Mwaka 1912 mtoto wa kike wa miaka miwili alifariki Berlin kwa nimonia iliyofuatia surua, na pafu lake likahifadhiwa ndani ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza. Zaidi ya miaka mia baadaye jenomu ya kirusi ilisomwa kutoka katika pafu hilo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kabla ya hapo ilikadiriwa kwamba surua iliachana na sotoka, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe wengi wa Afrika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na ambao ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, katika karne ya kumi na moja au ya kumi na mbili ya Miladia. Ukadirio mpya uliisogeza tarehe hiyo nyuma mpaka karibu na karne ya sita kabla ya Miladia. Sehemu ya sababu ni ile sampuli kongwe. Sehemu kubwa zaidi ni kwamba wachunguzi waliingiza katika hesabu yao jambo ambalo saa sahili hulisahau. Mabadiliko mengi hukidhuru kirusi, na kirusi kilichodhurika hufa bila ya kuacha kizazi. Ukitazama miaka michache ya karibuni utayaona mabadiliko hayo kabla hayajafutika. Ukitazama karne nyingi nyuma yamekwisha kufutika, na mengine yametokea mahali pale pale mara mbili au tatu yakafunikana. Kwa hiyo kasi ya karibuni haifai kupelekwa moja kwa moja katika zama za kale, kwani huzifanya zionekane changa kuliko zilivyo.

Nirudi kwenye suali la ami yangu, kwa sababu alitumia neno "kuzaliwa", na hapo pana mtego. Tarehe inayopatikana ni ya mzazi wa pamoja wa sampuli zilizomo mkononi. Kwa UVIKO-19 watu wamechanganya tarehe mbili zilizo mbali sana. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2020 ulisema ukoo wa kirusi hiki uliachana na ukoo wa kirusi cha popo kinachofanana nacho baina ya miaka ya 1940 na ya 1980, na wapo waliodhani kwamba watu walikuwa wakiugua tangu wakati huo. Hiyo ni tarehe ya matawi mawili kuachana ndani ya popo, na hata kuipata kulihitaji kwanza kuzitenga sehemu za jenomu ambazo virusi vya korona hubadilishana wao kwa wao, maana virusi viwili vikikutana ndani ya mnyama mmoja vinaweza kuchanganya kurasa za vitabu vyao, na kitabu cha namna hiyo hakina nasaba moja. Tarehe ya kuingia kwa watu ni nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 uliikadiria baina ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba 2019, katika jimbo la Hubei, China. Na hapo napo walitenganisha mambo mawili: mzazi wa pamoja wa sampuli zote, na mgonjwa wa kwanza kabisa. Mgonjwa wa kwanza anaweza kuwa ametangulia, kwa kuwa koo za mwanzo huweza kufa zote isipokuwa moja, nayo saa huanza kuhesabu kutoka kwa ile iliyobaki.

Saa yenyewe huweza pia kusimama. Mwaka 1977 mafua ya aina ya H1N1 yalirudi duniani baada ya kutoweka kwa miaka ishirini, na jenomu yake ilifanana mno na ya virusi vya karibu mwaka 1950, kana kwamba miaka yote ya katikati haikupita. Walioumwa zaidi walikuwa vijana, kwani wakubwa wao walikwisha kukipata kirusi hicho utotoni. Kirusi kinachosambaa miongoni mwa watu hakiwezi kukaa miaka ishirini na saba bila ya kubadilika. Kinachokaa hivyo ni kile kilichohifadhiwa katika baridi, na ndiyo sababu wataalamu wengi wanaamini kwamba kilitoka katika maabara au katika majaribio ya chanjo. Guinea nako, mwaka 2021, Ebola ilizuka upya na jenomu zake zikaonekana kuwa na mabadiliko machache sana kuliko yaliyotarajiwa tangu mlipuko mkubwa wa 2014 mpaka 2016. Kirusi kilikuwa kimelala ndani ya mwili wa mtu aliyepona. Makosa ya saa, kwa mwenye kuyasoma vizuri, nayo hueleza habari.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Benghazi, Libya. Mwaka 1998 iligundulika kwamba watoto zaidi ya 400 katika hospitali moja ya huko wameambukizwa kirusi cha UKIMWI, na wengi wao pia kirusi cha homa ya ini aina ya C. Wauguzi watano kutoka Bulgaria na daktari mmoja Mpalestina walishitakiwa kwamba waliwaambukiza kwa makusudi, wakahukumiwa kifo. Walikuwa wamefika kazini Machi 1998. Disemba 2006 kundi la wachunguzi lilichapisha hesabu ya saa ya virusi vya watoto hao, na ikaonekana kwamba koo za virusi hivyo zilikuwa zikienea mahali pale kabla ya watuhumiwa kufika. Mahakama iliwahukumu kifo kwa mara nyingine mwezi huo huo. Waliachiwa Julai 2007, kwa makubaliano ya kisiasa. Niliposoma kisa hiki mara ya kwanza nililia, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu ushahidi wa kuwatetea watu sita hao ulikuwa ni vichupa vyenye tarehe, na mahakama haikuusikiliza.

Ami alikuwa na suali la pili, nalo ni letu wenyewe. Aliniuliza kuhusu kidingapopo. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati wa Sultani, aliandika kuhusu mlipuko wa mwaka 1870 wa homa kali yenye maumivu ya viungo, na akaeleza kwamba wazee wa mji waliitambua na kuiita kwa jina, kwa sababu walikwisha kuiona miaka karibu hamsini nyuma. Kutokana na kumbukumbu za wazee hao ndiyo tunapata mwaka 1823. Wapo wanaosema neno dengi lenyewe, ambalo leo ni jina la homa moja inayoenezwa na mbu, lilitokana na jina hilo la Kiswahili na kuvuka nalo bahari mpaka visiwa vya Karibiani. Hata hivyo, maumivu ya viungo yaliyokawia kuondoka yamewafanya wataalamu wengi waamini kwamba kidingapopo ya 1870 haikuwa dengi bali ni chikungunya, ugonjwa ambao ulielezwa rasmi baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika, na uliopewa jina kwa lugha ya Kimakonde. Ndio ugonjwa ule ule uliozuka Lamu mwaka 2004, ukaingia kwa ndugu zetu wa Ngazija mwaka 2005, ukafika Réunion na kuwaangusha watu theluthi moja ya kisiwa.

Je, saa inasema nini? Mwaka 2010 ulichapishwa ukadirio uliotumia jenomu za chikungunya kutoka Afrika na Asia. Virusi vyote vinavyozunguka sasa vilirejeshwa kwa mzazi aliyekuwapo ndani ya miaka 500 iliyopita, na tawi la Asia lilionekana kuachana na tawi la Afrika ya mashariki, kati na kusini ndani ya miaka 150 iliyopita. Christie naye aliufuatilia ugonjwa ulivyotoka Unguja kwenda Aden na kisha Bara Hindi baada ya 1870, kwa njia za majahazi na meli tunazozijua. Tarehe hizo mbili zinagusana, na nilipoziona kwa mara ya kwanza zikiwa pamoja moyo ulinienda mbio. Lakini kugusana si kuthibitisha. Tawi linaweza kuwa liliachana Afrika kwanza na kuvuka bahari miaka mingi baadaye, na mlipuko wa 1870 unaweza kuwa wa ukoo uliokwisha kufa wote bila ya kuacha sampuli. Christie alituachia maelezo mazuri. Hakutuachia nyama wala damu.

Katika maabara ninayofanyia kazi sasa, kila kichupa cha homa kinachoingia kutoka Wete, Micheweni au Mkoani huandikwa tarehe kwa penseli, kwa kuwa penseli haitiririki, na tarehe hiyo hiyo huandikwa katika daftari la karatasi na katika kompyuta. Vijana wapya hunilalamikia kwamba ni kazi mara tatu. Jumatatu iliyopita mmoja wao alinikabidhi trei yenye vichupa ishirini na nne, na kimoja hakikuwa na tarehe. Tulikaa naye mpaka saa kumi jioni tukipiga simu vituoni, mpaka muuguzi mmoja alipoipata tarehe hiyo katika kadi ya mgonjwa.